Kengele ya Mzee Kirama

Sogezeni viti, na mwenye cha kutafuna amalize kutafuna. Hadithi hii mimi nimeibeba mpaka mlangoni tu. Kuiingiza ndani ni kazi yenu.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Kajiru alikuwa na mkono wa kutoa. Ukimwomba kiberiti, anakupa na jiko. Alikuwa mpiga video wa harusi mjini Korogwe, na safari moja alirudi nyumbani bila koti kwa sababu bwana harusi alikuwa amesahau la kwake.

Ndeshi alikuwa na jicho la kuona nafasi. Kibanda chake cha ufundi pale Mikongeni kilikuwa chembamba kama kabati, lakini ndani mlikaa redio, pasi, runinga, wateja wawili na paka, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Mgonja mchinjaji alikuwa na ulimi usiokubali kushindwa. Ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza limechomoza kwa ruhusa ya nani.

Na katikati yao alikuwapo Nakijwa, mwalimu wa darasa la kwanza, dada yake Kajiru. Yeye siku zile hakuwa na kipaji cha kujivunia. Alikuwa na mimba kubwa na hofu moja.

Hofu yenyewe ilikuwa hii. Baba yao, Mzee Kirama, alikuwa mnadi wa mnada wa mifugo wa Mikongeni, kule chini ya milima ya Upare, ambako mkonge umesimama mistari kwa mistari kama watoto wa shule. Sauti yake ilivuka zizi, ikavuka reli, ikamfikia mteja aliyekuwa bado anafunga viatu nyumbani kwake. Na alikuwa na desturi ambayo wanadi wengine hawakuwa nayo. Kila mtoto alipozaliwa katika ukoo wake, siku ya kumtoa mtoto nje, Mzee Kirama alisimama uani na kengele yake ya shaba, akaipiga, kisha akamnadi mtoto mbele ya majirani. Alimsifia nywele, alimsifia kucha, alimsifia hata kilio. Majirani walipandisha bei kwa vicheko: huyu anatoa shamba, yule anatoa mbuzi na kamba yake. Mzee aliita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, na badala ya mara ya tatu akapaza sauti mpaka kuku wakakimbia: "Hauzwi!"

Nakijwa alinadiwa hivyo. Kajiru alinadiwa hivyo. "Mtu aliyenadiwa," mzee alipenda kusema, "hawezi kujidharau. Ameshasikia kwamba hana bei."

Sasa kooni mwa mzee paliota uvimbe. Madaktari wa hospitali ya rufaa hawakuficha: uvimbe utatolewa na mzee ataishi, ila sanduku la sauti litatoka pamoja nao. Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Mtoto wa Nakijwa alikuwa bado yuko njiani.

Basi Nakijwa akaweka laptopu yake mezani ili airekodi minada ya baba kabla sauti haijaondoka, akamsogezea kipaza sauti, akasema, "Baba, anza na mtoto."

"Nianze na mtoto?" Mzee Kirama akacheka kwa kukwaruza. "Mwanangu, wewe umekulia zizini. Umeona wapi fahali wa mwisho akitolewa asubuhi?"

Kosa hilo, ndugu zangu, ni mnadi tu awezaye kulifanya. Mnada huanza na kuku, wakaja mbuzi, wakaja mitamba; fahali bora hubakizwa mpaka watu wapate joto. Mzee alirekodi kwa mpangilio huo huo, kila mnyama na sifa zake, kila sifa na wimbo wake, na picha na sauti zikajaa ndani ya laptopu kama mahindi ghalani. Ijumaa akavaa kofia yake ya mnadani, akasafisha koo, akasema, "Sasa mtoto." Kioo kikaandika kwamba hifadhi imejaa.

Nakijwa alifuta masomo ya wanafunzi. Alifuta picha za harusi yake mwenyewe. Mashine ikavuta pumzi kidogo, ikajaa tena. Flashi aliyoinunua kituo cha mabasi ilikuwa imeshatafuna rekodi nzima ya kuku bila kurudisha hata unyoya, na hakuthubutu kuiamini mara nyingine. Simu yake ya vitufe ilirekodi sauti kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Kilichobaki cha kufuta kilikuwa baba yake.

"Nifute mbuzi au nifute ng'ombe?" alimuuliza Kajiru kwenye simu huku analia.

"Usifute hata mkia," Kajiru akamjibu. "Nakuja."

Sikilizeni basi alichofanya Kajiru.

Yeye na dada yake walinunua laptopu zao siku moja, duka moja la mitumba, rangi moja, jina moja juu ya mfuniko. Ya kwake Kajiru alikuwa ameiongezea diski ya pili, nyembamba kama kipande cha bigijii, inayochomekwa kwenye soketi ndogo upande wa chini. Humo ndimo alimoweka harusi zote alizozipiga. Mchana ule alikuwa na harusi ya watu wakubwa wa Korogwe, nusu imehaririwa, nusu bado. Akampigia simu bwana harusi, akamwomba asubiri. Bwana harusi akasema yeye si mtu wa kusubiri. Akatuma mtu kuchukua picha zake, akampa mpiga video mwingine, na harusi ya mdogo wake akaipeleka huko huko. Kajiru hakubishana. Kamera na laptopu akamwazima mpiga video huyo aimalizie kazi; ile diski akaifuta yote, akaichomoa, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko, akapanda basi.

"Shika, dada," alisema alipofika. "Humo unaingia mnada mzima na zizi lake."

Nakijwa alimkumbatia mpaka tumbo likawazuia.

Jumamosi asubuhi wakaipeleka laptopu kwa fundi Ndeshi. Mzee Kirama alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye benchi la kibanda, kofia magotini. Mzee ni Mpare, Ndeshi ni Mchaga, na makabila hayo ni watani tangu mababu.

"Umekuja kunishitaki, mtani?" Ndeshi aliuliza huku anazungusha bisibisi. "Nyinyi Wapare mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku."

"Fungua mashine, we Mchaga. Na skrubu za mwanangu nimezihesabu, nisije nikazikuta sokoni."

Ndeshi akacheka, akanyanyua mfuniko wa chini. Akatazama. Akaacha kucheka.

"Kajiru, hiyo soketi uliyoniambia iko wapi?"

"Hapo hapo, pembeni ya feni."

"Njoo unionyeshe kwa kidole."

Kajiru akainama. Tundu la skrubu lilikuwapo. Mchoro wa soketi ulikuwapo, umechapwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa kijani. Hata vidoti vya lehemu vya kuishikilia vilikuwapo, vimejipanga, vinang'aa. Soketi yenyewe haikuwapo. Kiwandani waliichora, wakaacha kuiweka, kama mlango uliochorwa ukutani kwa chaki.

"Lakini hii ni pacha wa ile yangu!" Kajiru akasema.

"Pacha kwa sura," Ndeshi akajibu. "Kwa tumbo, kila mtu na lake."

Kwenye benchi Mzee Kirama alianza kucheka. "Watoto wa mnadi! Watoto wangu mimi! Mmenunua ng'ombe kwa kutazama pembe, hamkumfunua kinywa mkaona meno!" Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Kilipokwisha hakuna aliyekuwa na utani tena. Nakijwa aliitazama ile diski nyembamba juu ya meza ya fundi, akaiona kama mgeni aliyetoka mbali na kukuta nyumba haina mlango.

"Tutoe ya zamani, tuweke hii mahali pake," Kajiru akasema.

"Ya zamani ndimo alimo baba yako," Ndeshi akamwambia. "Mimi simgusi mzee wa watu kabla hajapata pa kuhamia."

Sasa sikilizeni alichofanya Ndeshi.

Aliigeuza laptopu kushoto, akaigeuza kulia. Alipapasa kingo zake kama mama anayetafuta homa kwenye shingo ya mtoto. Kidole kikagota kwenye kitufe kidogo, na ubavuni pakachomoza trei ya sidii.

"Mwalimu, mara ya mwisho uliweka sidii lini humu?"

"Sidii?" Nakijwa akafikiri. "Sijawahi."

"Basi una chumba cha wageni, na tangu ujenge hakijalaza mgeni."

Ndeshi akaing'oa trei nzima. Kwenye rafu ya juu alikuwa na kompyuta yake mwenyewe, ile iliyopigia muziki mtaa mzima tangu asubuhi mpaka jioni. Akaizima, akaifungua, akatoa ndani yake fremu ya kushikia diski na kijumba kidogo kinachoivalisha diski nyembamba umbo la diski ya kawaida. Mtaa ukanyamaza. Fundi cherehani wa jirani akachungulia: "Umeme umekatika?"

"Umekatika kwangu tu," Ndeshi akajibu bila kuinua kichwa.

Fremu ilikuwa nene kuliko pengo. Akaipiga tupa, akapuliza vumbi, akajaribu, ikagoma. Akaipiga tupa tena. Ikaingia, lakini mashine ikawaka bila kuitambua. Akaitoa, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha kwa subira ya mtu anayevisha pete. Adhana ya alasiri ilipokuwa inaita, kwenye kioo pakatokea diski ya pili chini ya ya kwanza. Tupu. Pana. Inasubiri.

"Mtani," Mzee Kirama akasema polepole, "kuanzia leo kesi ya kuku nimeifuta."

Ikaja Jumapili. Basi la kwenda hospitali lilikuwa la mchana. Meza ikawekwa uani, laptopu juu ya meza, majirani ukutani. Mzee akavaa kofia, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mtoto huyu," akasema, "ni mtoto mzuri. Ana... ana nywele."

Akaanza upya. Sauti ilikuwapo, lakini ilikuwa imekaa chini, haitaki kunyanyuka. Majirani walijaribu kumsaidia. Mmoja akatoa shamba, mwingine akatoa mbuzi, lakini kila bei ilitoka kama salamu za rambirambi, maana wote walijua mzee anakwenda wapi. Akajaribu tena. Kisha akavua kofia.

"Siwezi, mwanangu. Hawa wananihurumia, na mtu anayekuhurumia hanunui."

Nakijwa alitazama nafasi yote ile iliyopatikana kwa jasho la watu, na ndani yake hamna kitu. Alihisi mtoto anageuka tumboni.

Sasa sikilizeni alichofanya Mgonja.

Mgonja na Kirama hawakuwa wanasalimiana. Miaka mingi nyuma fahali mmoja mweusi alinadiwa, Mgonja akadai mkono wake ulikuwa wa kwanza, Kirama akampa mtu mwingine. Tangu siku hiyo mchinjaji hakukanyaga mnada wa Mikongeni; aliwatuma watu wengine wamnunulie ng'ombe. Jumapili ile alikuja peke yake, ameshika ini limefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuja kuaga kimyakimya na kuondoka. Alisimama langoni, akaisikia ile sauti iliyokaa chini, akaiona kofia iliyovuliwa. Angeweza kuliacha ini mlangoni.

"Kirama!" akapiga kelele. "Hiyo ndiyo sauti? Nimepita njia nikadhani mnasikiliza matangazo ya vifo redioni!"

Kichwa cha mzee kikanyanyuka.

"Nani kamfungulia lango huyu muuza mifupa?"

"Nimekuja kununua. Leo unauza nini?"

"Kitu usichoweza kukilipia."

"Maneno hayo hayo uliniambia kwa yule fahali, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza!"

"Mkono wako ulikuwa unakuna sikio!"

Nakijwa akabonyeza kitufe cha kurekodi. Mzee Kirama alikuwa ameshasimama, kofia kichwani, na hakukumbuka aliivaa saa ngapi. Alimsifia mtoto ambaye hajamwona: nywele kama mvua ya masika juu ya shamba la mahindi, miguu ya kupanda mlima bila kuuliza kilele kiko wapi, kilio cha kumwamsha mwenye duka.

"Natoa ini hili!" Mgonja akasema.

"Ini! Mjukuu wa Kirama kwa ini! Hakuna mwenye akili hapa?"

"Natoa bucha!"

"Tumefika bucha! Nani anapita bucha?"

"Bucha na mizani yake!"

"Mizani imepinda, mji mzima unajua!"

Majirani wakaangua kicheko, na kicheko kikafungua mikono. Bei zikaruka kama nzige: shamba, trekta, nyumba na mpangaji wake. Mgonja akazipita zote. Mwishowe akatupa mikono juu.

"Bucha, mizani, kisu changu, na yule fahali mweusi nimekusamehe!"

Mzee Kirama akamtazama. Akaipiga kengele mara moja.

"Mara ya kwanza!" Sauti ikavuka ukuta. "Mara ya pili!" Ikavuka reli. Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo. "Hauzwi!"

Kuku wakakimbia.

Kabla hajapanda basi, mzee alimwekea Nakijwa kengele mikononi. "Siku ya kumtoa mtoto nje," alisema kwa sauti iliyochoka lakini yenye furaha, "kengele ilie kwanza, ndipo sauti yangu ifuate. Atakayeipiga aichukue, iwe yake na ukoo wake. Mpe aliyeiokoa sauti hii."

"Ni watatu, baba."

"Mnada hauna washindi watatu. Na kengele ukiipasua ni chuma chakavu."

"Basi niipige mimi."

"Wewe ndiye mwenye mnada. Mwenye mnada hanunui."

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee alirudi amekonda, kitambaa shingoni, macho yale yale. Mtoto akazaliwa, msichana. Siku ya kumtoa nje ikafika, majirani wakajaa uani, laptopu ikawekwa juu ya meza ile ile. Nakijwa alikaa na mtoto mapajani na kengele mkononi, ameushika ulimi wa kengele kwa ndani isije ikalia kabla ya wakati.

Kajiru akasema, "Dada, bila diski yangu, sauti ya baba ingeingia wapi? Nimeitoa kwenye riziki yangu, na mpaka leo Korogwe hawaniiti."

"Uliitoa bila kumfunua ng'ombe kinywa, mpiga video," Ndeshi akamjibu. "Ulileta mzigo usio na pa kushukia. Pa kushukia nilipaona mimi, na muziki wangu mpaka leo umenyamaza. Ningeweza kusema haiwezekani, mkanilipa na kunishukuru."

Mgonja akakohoa kidogo. "Nyinyi mlijenga ghala zuri. Lakini mahindi nani aliyavuna? Mlikuwa na nafasi tupu ya kutosha kunyamazia mwaka mzima. Mimi sikutoa diski wala fremu. Nilitoa kesi niliyokuwa nayo kwa miaka, na nilikuwa naishinda."

"Ulikuwa unakuna sikio," sauti ya mtu ikatoka nyuma, na watu wakacheka.

Nakijwa hakucheka. Alimwona Kajiru ndani ya basi, mkono juu ya mfuko wa shati. Alimwona Ndeshi akipuliza vumbi la tupa katika kibanda kilichonyamaza. Alimwona Mgonja langoni na jani lake la mgomba, akiwa bado anaweza kugeuka akaenda zake. Ukimtoa mmoja, mtoto huyu angetolewa nje katika ukimya. Akamgeukia baba yake. Mzee Kirama aligusa kitambaa cha shingoni, akainua mabega, akatabasamu kama mtu aliyeuza zizi na kustaafu.

Mtoto amefumbua macho. Jua limepanda. Kidole kimoja cha Nakijwa kiko juu ya kitufe cha laptopu, na vidole vingine bado vimeushika ulimi wa kengele. Watu watatu wamesimama mbele yake, na ni mkono mmoja tu utakaonyooshewa kengele.

Haya, mlioketi. Anayewaomba bei leo ni mimi, na ninachonadi hakinunuliwi ila kwa hukumu yenu. Aliyetoa alichonacho, aliyeona kisichoonekana, au aliyeachilia alichokishikilia: wewe ungempa nani kengele, na wale wawili ungewaambia nini?

Mara ya kwanza.

Mara ya pili.

Semeni, mtoto anasubiri.